Kuhariri mswada wako mwenyewe kabla haujatoka mkononi

Miswada mingi huharibikia kwenye wiki ya kwanza ya uhariri, mwandishi anapofungua ukurasa wa 1 na kuanza kunyoosha sentensi. Mwezi mmoja baadaye sura tatu za mwanzo zinang'aa, sura ya 4 haijulikani inatafuta nini, na sura ya 2, ambayo ingepaswa kuondolewa yote, haiondoleki tena kwa sababu imeshapigwa msasa. Hakuna anayependa kutupa alichokitolea jasho. Kwa hiyo kazi ianzie kwenye vitu vikubwa ishuke kwenye vidogo: muundo wa kitabu, kisha maonyesho (yaani matukio yanayotokea mahali pamoja na wakati mmoja), kisha sentensi, kisha viambishi, na nukta za mwisho wa sentensi zije mwisho kabisa. Kila duru ya kusoma ipewe kazi moja tu. Anayewinda makosa ya ngeli huku akijiuliza kama mhusika mkuu anaaminika atayakosa yote mawili.

Kabla ya duru ya kwanza, upumzishe mswada. Wiki 3 ndizo chache kabisa. Kwa riwaya ya maneno 60,000, wiki 6 zinafaa zaidi. Macho ya mwandishi husoma anachokumbuka kukiandika, si kilichoko kwenye ukurasa, na neno lililorukwa kichwa hulijaza chenyewe. Kama muda hauruhusu, badilisha sura ya maandishi. Weka fonti nyingine na ukubwa mwingine, au chapa kwenye karatasi, au usome kwenye simu kama msomaji wa kawaida. Mistari ikikatika mahali papya, macho hulazimika kusoma upya.

Fungua pia mafaili mawili. La kwanza ni nakala mpya ya mswada kwa kila duru, yenye namba ya duru na tarehe katika jina lake. La pili liite "makapi", na kila unachokikata kibandike humo badala ya kukifuta. Makapi hayo hayarudi kitabuni ila kwa nadra sana, lakini kujua kwamba yapo hufanya mkono uwe mwepesi kukata.

Duru ya kwanza: soma, usiguse

Chapa kwenye A4, fonti 12, nafasi ya mistari miwili. Ukurasa mmoja utabeba maneno 250 hadi 300, kwa hiyo maneno 60,000 ni kama kurasa 200 hadi 240. Usome wote ndani ya siku 4 au 5, kalamu mkononi, ukiweka alama nne tu pembeni: Ch palipochosha, ulizo pasipoeleweka, X usipoamini jambo linalotokea, na R panaporudia kilichokwisha semwa. Usirekebishe hata koma. Ukijikuta umeinuka kwenda kunywa maji, andika namba ya ukurasa ulipoinukia. Msomaji naye atainukia hapo, ila yeye anaweza asirudi.

Ukimaliza, chora jedwali. Kila sura iwe na mstari wake, na safu ziwe hizi: namba ya sura, nani anayetazama mambo, mahali, siku na saa, nini kimebadilika kufikia mwisho wa sura, na idadi ya maneno. Safu ya tano ndiyo itakayokuumiza. Ukiandika humo "wanazungumza kuhusu yaliyopita" au "tunamfahamu zaidi", hakuna kilichobadilika. Jiulize basi: sura hii ikitoweka, ni sura gani ya mbele itakayoanguka? Kama hakuna, toa kinachofaa ndani yake, sentensi tano au kumi, zihamie kwa jirani, na iliyobaki iende makapini.

Jedwali likijaa, magonjwa yaleyale hujitokeza karibu kila mara. Hadithi inaanza kuchelewa, yaani tukio la kwanza lenye uzito liko sura ya 3 na sura mbili za mwanzo ni maelezo ya ukoo. Kuna sura pacha: mhusika anagombana na baba yake sura ya 6, anagombana naye tena sura ya 9, kwa sababu ileile, na matokeo ni yaleyale. Na kuna katikati panapozama. Hapo tatizo limeshajulikana na suluhisho halijaruhusiwa kufika, basi mwandishi anawasafirisha wahusika na kuwakumbusha utoto wao ili kujaza kurasa. Tiba yake mara nyingi ni kuichukua siri moja uliyoiweka mwishoni na kuifichua katikati, ili nusu ya pili ishughulike na madhara yake. Tazama na urefu. Sura zikiwa za maneno 2,500 hadi 3,500 kisha moja ikafika 9,000, ama ni sura tatu zilizoshikana, ama ni mhadhara.

Kwa kitabu kisicho cha hadithi, jedwali ni fupi zaidi: swali la sura, jibu lake, mifano. Sura ambayo swali lake haliingii katika sentensi moja ina sura mbili ndani yake, au haina hata moja.

Safu ya siku na saa isipuuzwe, maana Kiswahili kina mtego wake hapa. Mwandishi anatazama saa ya simu, anaandika "basi la saa 8 asubuhi", na msomaji anabaki kujiuliza ni asubuhi gani hiyo, kwa kuwa saa 8 ni ya mchana au ya usiku wa manane. Pitia kila mahali penye "saa" na uihesabu. Vivyo hivyo "usiku wa Jumanne": kwa msomaji mmoja ni usiku unaofuata mchana wa Jumanne, kwa mwingine ni ule unaoutangulia. "Usiku wa kuamkia Jumanne" hauna utata.

Onyesho na nani anayesema

Muundo ukishatulia, rudi usome onyesho baada ya onyesho. Swali la kwanza ni macho ya nani yanatazama. Kama tuko kichwani mwa Rehema, hatuwezi kuambiwa kwamba Sefu alikasirika moyoni. Tunaweza tu kuona akikunja mkono wa shati mara ya tatu.

La pili linahusu kiambishi a-. Lugha yetu haitofautishi mwanamke na mwanamume katika kitenzi, na hilo ni jambo zuri mpaka watu wawili wanapoingia chumba kimoja. Soma hii: "Akamtazama, akamwambia aondoke kwa sababu alikuwa amechoka." Nani amechoka? Mwandishi anajua, kwa hiyo haoni tatizo. Kila onyesho lenye watu wawili au zaidi lipitie ukiweka kidole kwenye kila a- na kila -m-, na ukisita hata nusu sekunde, rudisha jina, au tumia "yule", au vunja sentensi. "Rehema akamtazama. Alikuwa amechoka, akamwambia aondoke." Jina likirudiwa mara tatu katika aya halimuudhi msomaji. Kinachomuudhi ni kurudi nyuma kutafuta nani kafanya nini.

Katika mazungumzo, kata mlango wa kuingilia na wa kutokea. Rasimu nyingi huwapa wahusika maamkizi kamili, habari za huku na za kule, ndipo jambo linaanza mstari wa tisa. Yabakie maamkizi yanayobeba kitu tu, kwa mfano pale mmoja anapokataa kuitika. Kitenzi "alisema" hakina ubaya wowote. "Alinguruma", "alibwata" na "alitamka kwa msisitizo" vikirundikana ukurasa mmoja vinageuka kelele.

Hapa, kabla ya kugusa sentensi, ndipo pa kuwapa wasomaji wa majaribio, watatu hadi watano. Usiwaulize "umeionaje?", utajibiwa "nzuri". Waulize waliweka kitabu chini ukurasa gani, ni wahusika gani waliwachanganya, na walipofika nusu walidhani mwisho utakuwaje. Wawili wakilalamikia ukurasa mmoja, pana ugonjwa hapo hata kama dawa wanazopendekeza ni za kubahatisha.

Sentensi

Lengo la kuanzia ni kupunguza asilimia 10: maneno 60,000 yawe 54,000 bila tukio hata moja kupotea. Fanya kurasa 10 hadi 12 kwa siku, na usizidishe saa moja na nusu kwa mkao mmoja. Baada ya hapo macho huanza kupitisha kila kitu. Duru hii ianzie sura ya mwisho irudi nyuma, kwa sababu kila anayeanzia mwanzo hufika mwisho akiwa hoi, na ndiyo maana sura za mwisho za vitabu vingi zina makosa zaidi ya zile za kwanza.

Chukua aya hii ya rasimu:

"Baada ya kuwa amefika kwenye nyumbani kwao, Sefu aliweza kuona ya kwamba mlango ambao ulikuwa umefungwa na mama yake asubuhi ulikuwa uko wazi. Alianza kuhisi hofu kubwa sana ndani ya moyo wake. Alisogea karibu, aliusukuma mlango na aliingia ndani."

Baada ya kuhaririwa:

"Sefu alipofika nyumbani alikuta mlango alioufunga mama yake asubuhi uko wazi. Akausukuma, akaingia."

Maneno 39 yamekuwa 13. "Baada ya kuwa amefika" imemezwa na -po-. "Kwenye nyumbani" ina mahali mara mbili, kwa kuwa -ni tayari imefanya kazi ya "kwenye". Ndugu zake ni "katika shuleni" na "ndani ya chumbani". "Aliweza kuona" hubaki pale tu ambapo kuona kulikuwa na kizuizi, na "alianza" hubaki pale tu ambapo jambo litakatizwa. "Ingia ndani" halihitaji maelezo. Hofu imeondoka kabisa, na huenda hapo kisu kimekata kupita kiasi. Kama hofu ina kazi katika hadithi, ipe tendo moja: "Akausukuma kwa ncha ya kiatu, akangoja, ndipo akaingia." Hakuna haja ya moyo.

Neno kuhusu "ambao". Wahariri wapya hulifuta popote wanapolikuta, na hapo huvunja sarufi. "Mtu ambaye alikuja jana" kweli hupendeza zaidi kama "mtu aliyekuja jana". Lakini kiambishi -me- hakibebi kirejeshi, kama -ye- ya "aliyekuja", kwa hiyo "mtu ambaye amefika" hana njia nyingine ya mkato yenye maana ileile. Na "ambaye hajafika" si sawa na "asiyefika", kwani huyu wa pili hafiki kamwe. Kata "amba-" zinapofuatana mbili katika sentensi moja, nyingine ziache.

Angalia pia mwendo wa -li- na -ka-. Kisa hushikiliwa na -li- ya kwanza, kisha -ka- hukisukuma mbele: alifungua, akaingia, akaketi. Rasimu yenye "alifungua, aliingia, aliketi" husomeka kama orodha ya mashtaka. Kosa la upande wa pili ni ukurasa mzima wa -ka- bila -li- mpya, mpaka msomaji anasahau wakati gani tuko. Kila tukio jipya, kila siku mpya, panda -li- tena. Na kama umeamua kusimulia kwa -na- au -me- ili mambo yaonekane yanatokea sasa hivi, hakikisha -li- hazijaingia kwa mazoea katikati ya aya. Huingia mara nyingi baada ya mazungumzo marefu.

Kinachofuata kiambishi

Hii ndiyo duru inayomtofautisha anayehariri Kiswahili na anayehariri lugha isiyo na ngeli, na ndiyo inayorukwa zaidi. Unapobadilisha nomino moja wakati wa kuhariri, umebadilisha kila kinachoifuata. Tuseme umeamua kwamba barua iwe kikaratasi:

"Barua ilikuwa juu ya meza. Aliichukua, akaikunja, akaitia mfukoni kabla haijaonwa na mtu."

"Kikaratasi kilikuwa juu ya meza. Alikichukua, akakikunja, akakitia mfukoni kabla hakijaonwa na mtu."

Nomino moja, viambishi vitano. Amri ya "tafuta na badilisha" itabadilisha nomino tu na kukuachia "Kikaratasi ilikuwa". Kikagua tahajia nacho hakitaona kitu, kwa kuwa kila neno peke yake ni sahihi. Kurasa tatu mbele kutakuwa na "ile aliyoisoma jana", na hiyo haitajwi hata kwa jina. Kila nomino unayoibadilisha iandike kwenye kikaratasi cha pembeni, kisha ifuate mpaka mahali inapotajwa mara ya mwisho.

Kosa la pili ni la umbali. "Sauti za watoto waliokuwa wakicheza uani waliingia dirishani" limeponyoka kwa sababu watoto wako karibu na kitenzi kuliko sauti zenyewe. Kilichoingia ni sauti, ziliingia. Sentensi yoyote inayozidi maneno 15 itafute kiima chake na kitenzi chake, uvisome viwili hivyo peke yake.

Tahajia ina mitego ambayo mashine haiwezi kuikamata kwa sababu neno lililokosewa ni neno halali. Aliyechukua karamu ili aandike alikusudia kalamu. Samani za nyumba si thamani ya nyumba. Mahari si mahali. Na kula si kura. Kama lafudhi yako huchanganya l na r, au th na s, au dh na z, tengeneza orodha ya jozi zinazokutega na uzitafute moja moja. "Kwa sababu", "kwa hiyo" na "kwa ajili" ni maneno mawili mawili. "Naye" ina y. Kuhusu "sio" na "siyo", chagua moja ushikamane nayo.

Unapotafuta maneno unayoyarudia, tafuta mzizi, usitafute neno zima, maana mwanzo wa kitenzi hubadilika daima. Ukiandika "tabasam" utapata alitabasamu, wakatabasamu na huku akitabasamu kwa pamoja, na huenda ukagundua kwamba watu wako wametabasamu mara 84. Pitia hivyohivyo mizizi ya kutikisa kichwa na kushusha pumzi, na vijazo kama "suala zima la", "kwa upande wake" na "hivyo basi". Majina ya watu ni kinyume chake. Ukimgeuza Asha kuwa Rehema bila kuchagua neno zima na herufi kubwa, "alimpasha habari" itakuwa "alimpRehema habari". Na zima usahihishaji wa kiotomatiki wa Kiingereza kabla hujaanza, kwani hubadilisha maneno yako kimyakimya.

Maamuzi yote haya yawe kwenye karatasi moja ya mtindo: tahajia ulizochagua, majina na umri wa wahusika, namba zinaandikwa kwa tarakimu kuanzia ngapi, maneno ya kigeni yanaandikwa kwa herufi za mlazo au la, mawazo ya mhusika yanawekwa kwenye alama za kunukuu au hayawekwi. Ukimpelekea mhariri wa kulipwa mswada pamoja na karatasi hiyo, atatumia muda wake kwenye hadithi badala ya kukisia ulitaka "siyo" au "sio".

Kusikia, kisha prufu

Soma kitabu kizima kwa sauti. Kwa mwendo wa maneno 100 hivi kwa dakika, maneno 54,000 ni saa 9. Gawanya vipande vya dakika 40. Ulimi unapojikwaa weka alama na uendelee. Kwa sura ulizozichoka, acha simu au kompyuta ikusomee kwa sauti ya Kiswahili huku ukifuata kwa macho. Haina huruma: "na na" itaisoma mara mbili, neno lililorukwa haitalijaza.

Maandishi yakishapangwa kurasa, mlango wa kuandika upya umefungwa. Sentensi moja ikiongezwa ukurasa wa 12 inaweza kusukuma kila kinachofuata mpaka mwisho wa sura, na namba za kwenye orodha ya yaliyomo zikadanganya. Kwenye prufu, yaani kurasa hizo zilizopangwa ambazo husomwa mara ya mwisho kabla ya kuchapwa, tafuta vitu vya prufu tu: vichwa vya sura, kwa kuwa herufi kubwa ndizo zisizosomwa na mtu, mfululizo wa sura, hasa kama uliondoa moja na sasa ya 7 inafuatwa na ya 9, namba za yaliyomo dhidi ya kurasa zenyewe, na apostrofi ya "ng'ombe" na "ng'ara", ambayo huwa imechapwa kwa namna tatu tofauti katika kitabu kimoja. Mwisho tazama ukingo wa kulia, maneno yanapokatwa kwa kistari. Programu inayofuata kanuni za Kiingereza itakata "kiten-do" na "ng'om-be", wakati silabi zetu huishia kwenye irabu: "kite-ndo", "ng'o-mbe". Kama programu haina kanuni za Kiswahili, zima ukataji wa maneno kabla kurasa hazijapangwa, kwa sababu ukiuzima baadaye mistari yote itahama na prufu itabidi isomwe tena kuanzia ukurasa wa 1.